Edith Robi na Filamu za Masara

Wazazi wetu kutoka Kegonga, jamaa na majirani wa Rusinga, marafiki mliosafiri kutoka Homa Bay, Migori na Masara, wahadhiri na wanafunzi mlio pamoja nasi leo Jumamosi, tarehe 23 Agosti 2025, familia inawashukuru kwa kukaa nasi katika siku hizi ngumu, na inawaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Edith Robi Mwikwabe, kwa kadiri tunavyoyajua.

Edith alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1989, nyumbani kwao Kegonga, Kuria Mashariki, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Mwikwabe Nchagwa na Mama Nyangi, ambao wote wawili wameketi hapa mbele yetu. Kwao na kule Masara aliitwa Robi, shuleni na kanisani aliitwa Edith, na huku kwa wakwe zake aliitwa nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, naye aliitikia majina yote matatu bila kuchagua. Mama yake anasema alichelewa kusema, lakini alipoanza hakunyamaza tena, akawa mtoto wa kuuliza maswali hadi mtu mzima akumbuke ghafla kazi aliyokuwa ameiacha jikoni.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kegonga kuanzia mwaka 1996 hadi 2003, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana karibu na mji wa Migori mwaka 2004, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007 na kupata alama ya C ya kujumlisha. Alitamani kuwa mwalimu, lakini mwaka uliofuata baba yake aliumia mguu shambani, watoto wadogo walikuwa bado wako shule, na habari za chuo zikawekwa kando, ingawa yeye hakuzisahau.

Mwezi wa Machi 2009 alienda Masara, Suna Magharibi, kumsaidia shangazi yake aliyekuwa akiwapikia wachimba dhahabu, na kabla mwaka haujaisha Bwana Mohammad Farah, mwenye duka la vyakula pale senta, alimwajiri akae mlangoni mwa kibanda cha video kilichokuwa nyuma ya duka lake. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa chaki jina la filamu ya siku hiyo, kuwapanga watu kwenye mabenchi, na kuwaomba waliotoka shimoni wakung'ute matope nje. Mliokaa Masara miaka ile mnakumbuka kwamba filamu zilikuwa za lugha za mbali, na kwamba kando ya runinga alisimama Bwana Wesley Monari akiwa na kipaza sauti, akieleza kila kitu kwa Kiswahili, kwa Dholuo, na mahali pa kuchekesha kwa Kikuria, akiwasemea wanaume, wanawake, polisi na hata mbwa.

Wesley alikuwa na desturi moja ambayo Edith aliishuhudia ikianza. Mwaka 2010 shimo moja liliporomoka na vijana wawili hawakutoka, na wiki iliyofuata filamu ilionyesha mtu akifukiwa na mawe, Wesley akasema kwenye kipaza sauti, "Msiwe na wasiwasi, wenzake wanachimbua upande wa pili, saa kumi na moja huyu atakuwa anakunywa chai." Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekufa chini ya ardhi katika filamu za Masara, na hata picha ilipoonyesha jeneza, Wesley alisema hilo ni sanduku la nguo. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kucheka akasema, "Lakini jamaa amekufa, si tunamwona?" na mabenchi yote yakamjibu, "Wewe nyamaza, Wesley ndiye anajua."

Ni katika kibanda hicho, mwishoni mwa mwaka 2010, ambapo Edith alikutana na Sammy Odoyo, mzaliwa wa hapa Rusinga, fundi aliyekuwa amepelekwa Masara kutengeneza mashine za kusaga mawe. Sammy alikuja kutazama filamu moja, akarudi siku kumi na moja mfululizo, na hata leo hawezi kutueleza filamu yoyote kati ya hizo ilihusu nini. Wazee wa Rusinga walifika Kegonga tarehe 17 Desemba 2011 na wakapokelewa vizuri, na Jumamosi tarehe 18 Agosti 2012 wawili hao walifunga ndoa katika kanisa la hapa nyumbani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Beverly aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2013, na Mwikwabe aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2016 na kupewa jina la babu yake.

Mwaka 2014 walihamia mjini Homa Bay, Sammy akafungua karakana yake ya kuchomelea vyuma, na Edith akapata kazi katika duka la kuchapisha na kutoa fotokopi, ambako wateja wengi walikuwa wanafunzi. Mwenye duka hilo, Bi. Kultum, ametuambia kwamba Edith alikuwa mfanyakazi mzuri mwenye kasoro moja, kwamba alisoma kila karatasi kabla ya kuitoa nakala, na foleni ikarefuka. Siku moja mwaka 2020 mwanafunzi alileta kurasa thelathini za somo la uchambuzi wa filamu, zikieleza kwamba filamu si hadithi peke yake, bali pia ni mahali kamera ilipowekwa, mwanga unatoka upande gani, na ni kitu gani mtazamaji amefichwa, na jioni hiyo Edith alimwambia mumewe wakiwa mezani, "Baba Beverly, kumbe ile kazi ya Wesley inasomewa chuoni."

Alijiunga na chuo kikuu tarehe 6 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, kusomea shahada ya filamu na tamthilia. Hatutaficha kwamba wengi wetu tulicheka. Sokoni waliomjua walimwuliza, "Edith, hata mimi nimetazama sinema miaka ishirini, shahada yangu iko wapi?" na mama mkwe wake, Mama Turfena, alisema mbele ya wageni, "Nyar Kuria anaacha watoto aende chuo kutazama picha, na picha ziko hapa nyumbani kwa simu." Edith hakukasirika, alimjibu, "Mama, basi tutazame pamoja unisaidie," na kweli likizo zote alizokuja Rusinga walitazama, kwa sababu mhadhiri wake alitaka kila filamu itazamwe mara tatu, mara ya kwanza kawaida, mara ya pili bila sauti, na mara ya tatu ukiwa na kalamu mkononi. Aliisimamisha filamu kila baada ya dakika mbili kuuliza kama tunaona kivuli kile ukutani, na Mama Turfena alikuwa akimwambia, "Mwache kwanza huyo mtu afike kwake, ndipo utuulize habari za kivuli."

Mwezi wa Januari 2024 alichagua mada ya utafiti wake wa mwisho, akaamua kuandika jinsi wachimba dhahabu wa Masara walivyotazama filamu kupitia sauti ya msimulizi. Msimamizi wake, Dkt. Lorine Aoko, alimwambia mada ni nzuri, lakini aonyeshe kwanza ni nani wengine wameandika. Kwa miezi minne Edith alikaa maktabani kila Jumanne na Alhamisi, mkutubi akamfundisha kutafuta makala kwenye kompyuta, kubadilisha maneno ya kutafutia pale yanapogonga ukuta, kusoma orodha ya marejeleo iliyo mwishoni mwa makala moja ili impeleke kwenye nyingine, na kuwaandikia waandishi wenyewe barua pepe pale makala ilipofungwa asiweze kuisoma. Alipata vitabu juu ya filamu za mbali, na makala chache juu ya vibanda vya video vya nchi jirani, ambazo alizisoma hadi akazijua kwa moyo, lakini juu ya Masara hakupata hata mstari mmoja. Dkt. Lorine alimwambia bado ana nafasi ya kubadilisha mada, achukue filamu ambazo zimeandikwa sana, na Edith akasema, "Daktari, nikiiacha mimi, hao watu watatafutwa wapi tena?"

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 11 Mei 2024 alirudi Masara, na hapo alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe alipenda kulisimulia akicheka. Alifika amevaa nguo nadhifu za Jumapili, na faili jeusi kwapani, ndani yake fomu zenye muhuri wa chuo kwa ajili ya kuomba watu ruhusa ya kuwahoji, na ndani ya nusu saa Masara nzima ikawa haina mtu, mashine zikazimwa, maduka yakafungwa, kwa sababu kule mtu mwenye faili na muhuri huja kupima ardhi au kufunga mashimo. Aliyebaki ni Wesley peke yake, ambaye sasa anatengeneza viatu, akamwambia, "Robi, ulikaa hapa miaka yote hiyo ukasahau kwamba faili hufukuza watu?" Safari zilizofuata aliliacha faili Homa Bay, akafunga leso, akasimama jikoni kwa shangazi yake akigawa chai, na watu wakaja wenyewe kuzungumza.

Walizungumza wengi, lakini Wesley alikataa. Alimkataa Mei, akamkataa Agosti, na mwezi wa Novemba alimwambia kwa upole kwamba asirudi na swali hilo. Alisema, "Unataka niseme kwenye simu yako kwamba miaka yote hiyo nilikuwa mwongo? Hao watu waliniamini, wengine walitoka hapo kwangu wakashuka shimoni wakiwa na moyo. Ukiandika, watanionaje?" Edith alijua kwamba bila Wesley hakuna utafiti, na alijua pia kwamba hangeweza kumwandika kwa siri, ingawa mambo yote aliyashuhudia kwa macho yake, na alimwambia Sammy kwamba kama Wesley hatakubali, ataiacha kazi hiyo bila kuimaliza.

Katika siku hizo hizo afya yake ilianza kudhoofika. Mwezi wa Novemba 2024 alilalamika maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, tukadhani ni vidonda vya tumbo, na tarehe 14 Januari 2025 madaktari walimweleza yeye na mumewe kwamba ni saratani ya ini, na kwamba ilikuwa imekwenda mbali. Alirudi nyumbani, akawapikia watoto, halafu akachukua kalenda akahesabu majuma yaliyobaki kabla ya kuwasilisha utafiti wake.

Aliyempa njia ni Sumeya, binti wa Bwana Farah, ambaye katika kupanga stoo alipata mfuko wa diski saba za zamani, na moja yake ilikuwa ile filamu ya mtu aliyefukiwa na mawe. Edith aliomba jambo moja tu, kwamba itazamwe tena pale pale. Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, saa nane mchana, magunia ya mahindi yalisogezwa ukutani katika kile kibanda, watu zaidi ya thelathini wakakaa, na Wesley akakubali kushika kipaza sauti kwa sharti kwamba simu ya Edith izimwe, naye akaizima mbele ya wote. Filamu ilipofika pale mawe yanapoanguka, Wesley alisita, akamtazama Edith, kisha akasema kama zamani kwamba wenzake wanachimbua upande wa pili. Hapo Bwana Makori, ambaye ameshuka mashimo ya Masara tangu mwaka 2006, na ambaye ndugu yake ni mmoja wa wale wawili wa mwaka 2010, alisema kutoka nyuma, "Wesley, sisi tulikuwa na macho. Tulijua amekufa. Tulikuwa tunataka tu kusikia leo utamtoa namna gani." Kibanda kikaangua kicheko, mwingine akasema, "Siku ya lile sanduku la nguo nilicheka hadi shangazi yake Robi akadhani nimelewa," na Wesley akakaa juu ya gunia, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Kumbe mlionidanganya ni nyinyi." Kisha akamgeukia Edith akamwambia, "Washa hiyo simu."

Walizungumza hadi jua likashuka. Kutokana na mazungumzo hayo Edith aliandika kwamba watazamaji wa Masara walitazama filamu mbili kwa wakati mmoja, moja kwa macho na nyingine kwa masikio, kwamba tofauti ya hizo mbili waliijua vizuri, na kwamba waliishika ile ya masikio kwa sababu asubuhi walikuwa wanashuka tena. Alihojiwa juu ya utafiti huo na wahadhiri watano tarehe 19 Juni 2025, akiwa ameketi kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu, na alifaulu, ila jopo lilitaka rekebisho moja, kwamba kila mmoja wa wahojiwa kumi na tisa waliotajwa kwa jina akubali kwa sahihi au kwa alama ya kidole, la sivyo jina lake liondolewe.

Tarehe 21 Julai alilazwa hospitalini Homa Bay, na Sammy hakutoka kando ya kitanda chake, kwa hiyo karatasi hazikuwa na mtu wa kuzipeleka. Mama Turfena, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na hajawahi kufika Masara maishani mwake, alizichukua bila kuulizwa, akazifunga ndani ya leso, akaondoka Jumatano tarehe 30 Julai. Kwa siku tatu alienda kwa kila mmoja, mlango kwa mlango na shimo kwa shimo, na watu wa Masara wametuambia jinsi alivyokuwa akiwaambia, "Mimi ni mama yake Robi. Jina lako likae kwenye kitabu, au litoke? Sema ukweli, mtoto wangu hana siku nyingi." Wote kumi na tisa walisema likae. Bwana Makori alikuwa na ombi, kwamba ndugu yake Chacha na yule kijana mwenzake Okelo, ambao walikuwa wakikaa benchi la mbele, nao waandikwe mahali fulani.

Mama Turfena alirudi hospitalini Jumamosi tarehe 2 Agosti, akamwekea Edith karatasi kifuani, na Edith akazisoma zote kwa sauti. Kuhusu wale vijana wawili alimpigia Wesley simu kwanza, kwa sababu hakutaka kumwandikia jambo nyuma ya mgongo, na sisi tuliokuwa karibu tulimsikia Wesley akijibu, "Waandike, Robi. Na uandike kwamba walikufa." Majina hayo mawili aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye ukurasa wa kutabaruku, na kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima. Jumatatu tarehe 11 Agosti Dkt. Lorine alifika wodini na barua ya idara inayosema kwamba utafiti umekubaliwa, akamsomea, na Edith akaomba asomewe mara ya pili.

Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita na miezi minne kamili, Edith alikufa, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tunalitumia neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe alituomba tusiwaambie Beverly na Mwikwabe kwamba mama yao amesafiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliomruhusu kuweka kompyuta kitandani, inamshukuru Bi. Kultum na wafanyakazi wenzake wa duka, mkutubi, Dkt. Lorine na wahadhiri wote, Bwana Farah na bintiye Sumeya, majirani wa Homa Bay waliowapikia watoto, waumini wa kanisa letu, na watu wa Masara waliofunga mashimo yao leo ili waje hapa. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, haikuwa kwa kupenda.

Chuo kitatoa shahada mwezi wa Desemba, na jina la Edith Robi Mwikwabe litaitwa pamoja na ya wenzake. Mama Turfena ameiomba familia kwamba siku hiyo atakayesimama na kuitika awe yeye, na familia imekubali.

Edith, Robi, nyar Kuria, umetuachia watoto na umetuachia kazi iliyokamilika. Lala sasa, mama, kwa utulivu.